Umoja wa Mataifa Ukiondoka Mogadishu, Mlalamikaji Aende Wapi?

Kwa mujibu wa azimio namba 2753 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Oktoba 2024, ujumbe wa kisiasa wa Umoja wa Mataifa nchini Somalia unatakiwa uwe umekabidhi kazi zake zote kwa serikali ya nchi hiyo na kwa mashirika mengine ya Umoja huo ifikapo tarehe 31 Oktoba 2026. Hapa Tanga, ambapo mambo ya Somalia hayahesabiwi kuwa mambo ya mbali, habari hiyo imefasiriwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba Somalia sasa imepona, ndiyo maana wageni wanafungasha virago. Wapo wanaosema kwamba wageni wameshindwa, fedha zimewaishia na wanatafuta pa kutokea. Fasiri zote mbili zinapima kisichopaswa kupimwa. Msaada wa kimataifa wa kulinda haki za binadamu katika nchi inayoinuka kutoka vitani haupimwi kwa kuwapo au kutokuwapo kwa ofisi ya wageni, wala kwa wingi wa mikataba iliyoridhiwa. Unapimwa kwa kuuliza kama mnyonge aliyedhulumiwa na mwenye nguvu, hasa mwenye nguvu aliyevaa sare, ana mahali pa kupeleka shauri lake likasikilizwa. Kwa kipimo hicho Somalia haijapona, Umoja wa Mataifa haukushindwa kabisa, na mlango unaofaa kupigiwa hodi zaidi kuliko mwingine wowote kwa sasa uko Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na hautajwi na karibu mtu yeyote.

Tanga ina sababu yake ya kulifuatilia suala hili. Katika karne ya 19, hasa wakati wa ukame na njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka mrima huu wakauzwa utumwani katika miji ya kusini mwa Somalia, Barawa na Marka miongoni mwake. Waliofanikiwa kutoroka walijenga vijiji vyao katika misitu ya bonde la mto Juba, wakalima, na wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. Dola ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakulima wale hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwakinga. Wapiganaji walipora ghala zao, wakanajisi, wakatwaa mashamba. Wengi walikimbilia Dadaab nchini Kenya, na kutoka huko watu wapatao 12,000 walipokewa na Marekani. Wengine walikuja kwetu, wakakaa Mkuiu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, na serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Mzee mmoja wa Chogo aliwahi kunieleza habari za shamba la baba yake upande wa Jamaame. Hakuniuliza lini vita vitakwisha kule. Alitaka kujua ni ofisi gani ingepokea madai yake kama angerudi. Kwa miaka zaidi ya thelathini, msaada wote uliomiminika Mogadishu haujampatia jibu.

Si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu mwaka 1993 Umoja wa Mataifa umekuwa ukimteua Mtaalamu Huru wa kufuatilia hali ya haki za binadamu nchini Somalia, na kuanzia 2014 hadi 2020 nafasi hiyo ilishikwa na Mtanzania, wakili Bahame Tom Nyanduga, ambaye katika kipindi hicho hicho aliiongoza pia Tume yetu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mtaalamu wa namna hii hana askari wala bajeti ya kujenga chochote. Anazuru, anasikiliza, anaandika, kisha anaisaidia serikali kutambua pengo liko wapi. Katiba ya muda ya 2012 imeorodhesha haki nyingi ambazo katiba za zamani zaidi za ukanda huu hazikuzigusa. Mwaka 2015 Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ikaiacha Marekani kuwa nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia, jambo ambalo wanadiplomasia wa Kisomali hawachoki kulikumbusha, na sioni kwa nini wachoke. Mwaka 2019 ukafuata mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Polisi wamefundishwa, mahakimu wamefundishwa, magereza yamekaguliwa.

Hata hivyo, tazama kazi hii yote iliegemea wapi. Iliegemea serikali kuu, na serikali kuu yenyewe ilijengwa juu ya mgawanyo uliokubaliwa Arta, Djibouti, mwaka 2000, ambao Wasomali wanauita nne na nusu. Koo kubwa nne zinapata fungu zima kila moja. Wengine wote, yaani Wabantu wa mto Juba na mto Shabelle, watu wa Barawa wenye Chimwiini chao, lahaja ya Kiswahili, Wabajuni wa visiwa vya Kismayu na jamii za mafundi zilizodharauliwa tangu zamani, wanagawana nusu. Walioubuni mgawanyo huu hawakuwa watu wabaya. Walitaka bunduki zinyamaze, na bila kuwaridhisha wenye bunduki kusingekuwa na mkutano wowote. Lakini jumuiya ya kimataifa iliulipia, ikausimamia na kuurudia uchaguzi baada ya uchaguzi, huku ofisi zake nyingine zikichapisha vipeperushi vinavyosema binadamu wote ni sawa. Somalia imekuwa ikijaribu kurudi kwenye kura ya moja kwa moja, ambayo mara ya mwisho taifa zima liliipiga mwaka 1969, na jitihada hiyo inastahili kuungwa mkono kuliko semina yoyote. Kwa mtu ambaye siasa ya nchi imemhesabu nusu, mafunzo ya haki za binadamu anayopewa afisa wa ukoo mzima hayambadilishii jambo kubwa.

Matokeo yake ni nchi yenye maandishi mazuri na milango michache. Sheria ya kuunda Tume Huru ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitungwa mwaka 2016, lakini miaka ikapita bila makamishna kuteuliwa, na kwa muda wote huo raia wa Baidoa au Beledweyne aliyeteswa kituoni hakuwa na chombo cha kitaifa cha kumpelekea lalamiko. Muswada wa makosa ya kujamiiana, ulioandaliwa kwa ushirikiano mkubwa na wataalamu wa nje, ulipita kwenye baraza la mawaziri mwaka 2018 kisha ukakwama bungeni. Agosti 2020 ukaletwa muswada mwingine ambao ungefungulia mlango ndoa za watoto, na wanaharakati wa Kisomali wakalazimika kuupinga badala ya kuutetea ule wa kwanza. Mwishoni mwa Desemba 2017 matingatinga yalisawazisha makazi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Mogadishu, na maelfu ya familia zikabaki juani pamoja na vyoo, madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha za wafadhili. Wengi katika makazi ya namna hiyo ni watu wa jamii zile za nusu. Mwaka 2023 uchunguzi ulioagizwa na Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba wamiliki wa viwanja, viongozi wa mitaa na watu wa usalama walikuwa wakiwakata wakimbizi sehemu ya posho zao, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha kwa muda fedha zake kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wafadhili walipata pa kulalamikia fedha zao zilizopotea. Mama aliyekatwa posho hakupata.

Sasa nizitazame hoja zinazopingana. Wanaounga mkono kuondoka kwa ujumbe wana hoja nzito, nayo ni ya mamlaka ya nchi. Ni serikali ya Somalia yenyewe iliyoandika barua Mei 2024 kutaka ujumbe ufungwe, na haikuandika ikiwa dhaifu: Desemba 2023 ilikuwa imeondolewa vikwazo vya silaha vilivyodumu tangu 1992 na imesamehewa deni la dola bilioni 4.5, na kwa miaka ya 2025 na 2026 imekaa kwenye Baraza la Usalama lile lile lililokuwa likijadili hatima yake. Kuna pia ukweli mwingine ambao hata watetezi wa Umoja wa Mataifa hawaukani. Maafisa wengi wa kimataifa waliishi na kufanya kazi ndani ya kambi ya Halane, kando ya uwanja wa ndege, nyuma ya kuta za zege, na kutoka nje kwao kulihitaji magari ya deraya. Siwalaumu, kwa sababu waliuawa walipotoka na waliuawa hata ndani. Almaas Elman, binti wa familia mashuhuri ya watetezi wa haki, alipigwa risasi akiwa ndani ya kambi hiyo mwaka 2019. Lakini huduma ambayo mlalamikaji haruhusiwi kulifikia geti lake ina upungufu ambao ripoti nzuri hazitauziba. Ukiangalia waliofanya kazi ya kupokea waathirika kwa mikono yao, utakuta ni Wasomali: daktari Hawa Abdi aliyewahifadhi maelfu katika shamba lake njia ya Afgooye, au Fartuun Adan na Ilwad Elman waliofungua kituo cha kuwapokea wanawake walionajisiwa wakati viongozi wakikana kwamba tatizo lenyewe lipo.

Upande wa pili nao unasema kweli unaposema kwamba kuondoka kwa waangalizi kunaondoa kumbukumbu, na kwamba pasipo kumbukumbu hapana kesi. Tangu 2011 Umoja wa Mataifa una sera inayouzuia kusaidia vikosi vya usalama pale ambapo kuna hatari ya kweli kwamba vikosi hivyo vitatenda maovu makubwa, na wanaoitekeleza sera hiyo ni watu wa haki za binadamu waliopo uwanjani, wenye majina ya makamanda na tarehe za matukio. Agosti 2021 askari wa Uganda waliokuwa chini ya Umoja wa Afrika waliwaua raia saba huko Golweyn, Shabelle ya Chini. Taarifa ya kwanza iliwaita wapiganaji. Ndugu wa marehemu walikataa, wazee wakapaza sauti, uchunguzi ukafanyika, na Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Uganda ikaketi Mogadishu kwenyewe, ikawatia hatiani askari watano. Wawili wakahukumiwa kifo na watatu kifungo cha miaka 39. Mimi si mtetezi wa adhabu ya kifo, na mahakama ya kijeshi si mahali ninapopapendelea. Ninachokitaja kwa sifa ni kwamba ndugu wa waliouawa waliweza kuuona uwajibikaji ukitendeka katika nchi yao. Kesi za namna hiyo ni chache mno, na zitazidi kuwa chache ikiwa hakuna wa kuandika yaliyotokea siku yalipotokea. Kupunguzwa kwa fedha kumeongeza hatari hiyo: mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, asasi nyingi za nchi maskini zilizotegemea ruzuku hizo zilijikuta hazina mishahara, na asasi za haki ndizo zisizo na biashara wala ada ya kuzishikilia.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile isemayo kwamba nchi inayopigana na Al-Shabaab haina nafasi ya haki za binadamu. Kwanza usalama, haki zitafuata. Mwenye hoja hii hajawatazama Al-Shabaab vizuri. Kundi hilo linaua kwa mabomu, linaandikisha watoto, linatoza kodi kwa nguvu. Hata hivyo limekuwa likiendesha mahakama zake za migogoro ya ardhi na madeni, na watu wanaoishi katika maeneo ya serikali, hata wengine wa Mogadishu, wamekuwa wakizipelekea mashauri yao kwa sababu zinaamua upesi, hazidai hongo kubwa, na hukumu zake hutekelezwa. Kwa maana hiyo mkulima wa jamii ndogo aliyenyang'anywa shamba na jamaa wa mkuu wa wilaya anakutana na adui wa dola akiwa anampa kile ambacho dola imemnyima. Wanaosema haki isubiri usalama wanamwachia Al-Shabaab soko lote la haki. Kuwafikisha raia mbele ya mahakama za kijeshi na kuwapiga risasi baada ya kesi za haraka, jambo ambalo Mogadishu imelifanya mara nyingi, hakujalifunga soko hilo. Na anayedai kwamba haki hizi ni mila za wageni anapaswa kwanza kuieleza sharia ambayo katiba ya Somalia imeiweka juu ya sheria zote, inayokataza dhulma, mali ya yatima kuliwa na shahidi kutishwa.

Hapa ndipo Arusha inapoingia. Somalia ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na kuwa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Magazeti yetu yaliandika juu ya soko, samaki na urefu wa pwani. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Jumuiya, kinachozifunga nchi wanachama kuheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu, hakikupata nafasi kubwa, wala kifungu cha 30, kinachompa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama uwezo wa kuishtaki nchi mwanachama mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hahitaji kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nchini mwake, sharti ambalo katika nchi ambayo mahakama zake hazifiki vijijini lingekuwa sawa na kumfukuza. Anachohitaji ni kufungua shauri ndani ya miezi miwili tangu tendo lilipofanyika au alipolijua. Mahakama yenyewe ilionyesha mapema ina uti wa mgongo kiasi gani. Mwaka 2007, katika shauri la Katabazi, ilipewa kesi ya Waganda waliopata dhamana kisha wakakamatwa upya na askari wenye silaha waliozingira Mahakama Kuu ya Kampala. Uganda ilidai Arusha haina mamlaka juu ya haki za binadamu. Majaji walijibu kwamba hawataacha wajibu wao wa kuufasiri Mkataba eti kwa sababu tu lalamiko linagusa haki za binadamu. Kwa Msomali, jibu hilo lina faida mbili, kwa sababu askari wa Uganda, Kenya na Burundi wamepata kukaa katika ardhi yake kwa miaka mingi, na nchi zote tatu ni wanachama. Mawakili watabishana kama Mkataba unazifuata nchi hizo nje ya mipaka yao. Ni ubishi unaostahili kufanywa mahakamani badala ya kumalizwa kimyakimya na wanadiplomasia.

Nitaulizwa: Tanzania, yenye kiti cha mwenyeji pale Arusha, ina usafi gani wa kuwasomesha wengine? Swali ni la haki. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo mji huo huo, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 ilibidi tuunde tume ya kuchunguza ghasia na vifo vya raia wetu wenyewe. Ndiyo maana sipendekezi Tanzania iwe mwalimu. Napendekeza mfumo ambao hauna mwalimu, unaomruhusu mkazi wa Kismayu kuishtaki Kenya, na mkazi wa Ngorongoro kuishtaki Tanzania. Hili la mwisho limekwisha kutokea: vijiji vinne vya Loliondo viliishtaki serikali kuhusu kuondolewa kwa nguvu mwaka 2017, vikapata amri ya muda 2018, vikashindwa 2022, na Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya Jumuiya ikaamuru shauri lisikilizwe upya. Ni mwendo wa kinyonga, na utekelezaji wa hukumu bado unategemea hiari ya serikali. Lakini wanavijiji wale walisikilizwa wakiwa wadai, na serikali iliwajibika kujieleza kwa kiapo. Wakimbizi wa ndani wa Mogadishu waliobomolewa Desemba 2017 hawakuwa na hata hicho, maana nchi yao ilikuwa bado nje ya Jumuiya.

Kwa hiyo wafadhili wanaojiuliza wapeleke wapi fedha zilizobaki baada ya ujumbe kufungwa wafikirie kidogo juu ya wasaidizi wa kisheria. Tanzania inayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayomtambua msaidizi wa kisheria asiye wakili, mtu wa kata anayejua kuandika maelezo, kutunza tarehe na kumpeleka mlalamikaji panapohusika. Tunayo pia mabaraza ya ardhi ya vijiji yenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa lazima wanawake. Mabaraza hayo yana kasoro zake, na anayeishi Handeni au Kilindi hahitaji kusimuliwa, lakini ni chombo kinachoendeshwa kwa gharama ndogo na watu wanaojuana. Bonde la Juba lingeweza kuwa na vyombo vya aina hiyo ambamo viti vinatolewa kwa ukazi, si kwa hesabu ya nne na nusu. Sharti la miezi miwili linafanya kazi ya msaidizi huyo kuwa ya lazima: shauri la Arusha lisipoanza kuandikwa wiki ile ile nyumba zilipobomolewa, litakufa kabla halijafunguliwa.

Mahakama ya Jumuiya ina masjala ndogo katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nyingine inahitajika Kismayu, mbali na Halane, karibu na watu wenye malalamiko. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya, na katika pwani ile ya kusini wapo Wabajuni na watu wa Barawa ambao mawakili wa Tanga wangeweza kuchukua maelezo yao kwa mkalimani wa siku chache, kama si bila mkalimani, kwa gharama ndogo kuliko ya mshauri anayeletwa kutoka Ulaya. Chama cha mawakili hakihitaji ruhusa ya Baraza la Usalama kufanya hivyo. Kinahitaji nauli, bima ya usalama na makubaliano na wenzao wa Somalia, na serikali yetu, inayochangia bajeti ya Jumuiya kila mwaka na kulalamikia wasiochangia, ingeweza kuulizwa Dodoma wakati wa bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje ni kiasi gani cha mchango huo kinakwenda kwenye Mahakama, na ni mashauri mangapi kutoka Somalia yamekwisha kupokelewa.